Ujira na Ridhaa ya Mhitaji

Matajiri wengi wa pwani yetu, wakiulizwa kwa nini ujira wautoao ni haba, hutoa hoja ambayo kwa dhahiri yake ni nzito: kwamba mtu alitajiwa kiasi, akakubali, akafanya kazi, akalipwa alichotajiwa, basi hana dai tena. Na ni kweli kwamba wanavyuoni wa fiqihi hushurutisha ridhaa katika ijara, na kwamba ujira ujulikane kabla kazi haijaanza. Lakini kusihi kwa mapatano si sawa na uadilifu wake. Kwani mtu wa mtaa wa Shika Adabu aondokaye alfajiri, akavuka Likoni kwenda kusaka kibarua kisiwani Mombasa, ilhali nyumbani hakukubaki hata unga wa jioni, hatuwezi kusema kwamba ameridhia ule ujira. Ameupokea kwa kukosa budi, na dhiki haina ridhaa.

Mombasa imelijua jambo hili tangu zamani. Januari 1947 makuli wa bandarini na wafanyakazi wengine kwa maelfu waligoma, mji ukasimama, na katika mgomo ule ukazaliwa umoja wa wafanyakazi alioongoza Chege Kibachia. Miaka saba baadaye, kamati ya Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa ukikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, kana kwamba mkewe na wanawe hawali, au wanalishwa na shamba la mbali asilolipia tajiri. Leo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Na bado yuko anayemwachisha kibarua kabla ya mwezi kutimia, akamwandika upya kwa kazi ile ile, ili asihesabiwe mwajiriwa wa kudumu.

Mtume Muhammad (s.a.w.) alisimulia habari ya watu watatu waliozibiwa pangoni na jabali, kila mmoja akamwomba Mungu kwa amali yake iliyo safi. Mmoja wao alikuwa na mwajiriwa aliyekwenda zake akauacha ujira wake. Tajiri yule akauzalisha hata ukawa ngamia, ng'ombe na kondoo, na mwenyewe aliporudi baada ya muda mrefu kudai ujira wake, akakabidhiwa wanyama wote. Mapatano hayakumlazimisha hayo. Ila alitambua kwamba ujira uliokwisha kuchumwa ni mali ya mchumaji, hata ukiwa bado mkononi mwa tajiri.

Ndiyo maana makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii ulioasisiwa 1965, ni amana tupu. Tajiri ayakataye kila mwezi kisha asiyapeleke, mzee akaja kustaafu akakuta jina lake halina kitu, amemnyima ujira wa kazi aliyokwisha kuitimiza. Na katika hadithi ya Kudusi iliyopokewa na Bukhari, mwenye kutenda hivyo ametajwa pamoja na aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye mdai wao Siku ya Kiyama.