Aliyezoea Hatari, Je, Ameiridhia?

Mji wa Moshi, pamoja na Marangu na Machame zilipo njia za kuukwea Mlima Kilimanjaro, una hoteli nyingi za kupokea wageni. Kila mwaka maelfu ya watu hufika kuujaribu mlima huo wa mita 5,895, nao huonywa mapema juu ya baridi na uhaba wa hewa kileleni. Lakini watumishi wanaowapikia, wanaowafulia nguo na kuwatandikia vitanda, ni nani awaonyaye juu ya hatari zao?

Ukimwuliza mpishi hatari ya kazi yake, atakutajia upesi moto, mafuta ya kukaangia, kisu na mtungi wa gesi. Hizo huonekana kwa macho. Zipo nyingine zisizoonekana. Msafishaji akichanganya dawa yenye klorini na dawa ya choo yenye tindikali, hutoka hewa ya sumu iumizayo mapafu. Kuinama na kuinua magodoro mchana kutwa huharibu mgongo polepole, naye mwenyewe husema, "Ni uchovu tu." Tena iko hatari ya tatu, isiyosemwa: ya binti anayeingia peke yake kusafisha chumba cha mgeni mwenye nia mbaya, au anayerudi kwao usiku kwa miguu baada ya zamu.

Kwa nini haisemwi? Kwa sababu katika hesabu ya mtumishi iko hatari inayozizidi zote, nayo ni kufukuzwa kazi. Chakula cha nyumbani na sare za shule vyautegemea mshahara ule. Mwenye njaa hana miiko. Basi huzipima hatari mbili, akaichagua ile aionayo ndogo, akanyamaza.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Wako wasemao, "Amekubali mwenyewe, mbona halalamiki?" Hoja hiyo haina haki. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi akubaliye masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu amedhulumiwa. Sheria ya nchi pia, ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, yamwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake. Na mwezi wa Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliuhesabu usalama kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi.

Basi yampasa mwenye hoteli aulize kwanza, wala asimwadhibu ajibuye kweli. Glovu, viatu visivyoteleza na gari la kuwarudisha nyumbani watu wa zamu ya usiku ni gharama. Lakini gharama hiyo isipolipwa kwa fedha, mtumishi huilipa kwa mwili wake.

Nasi wazazi, tumpelekapo mtoto mjini kutafuta kazi, tumfundishe bidii na utii. Ila tumfundishe pia kwamba kusema, "Hapa pana hatari," si utovu wa adabu.