Kueneza Tusiyoyasoma

Katika LinkedIn, ule uwanja wa watu wa kazi uliofunguliwa mtandaoni mwaka 2003, kila akienezacho mtu hutokea chini ya jina lake na cheo chake. Hapo ndipo penye jambo. Makala ya dawa ikienezwa na mshona nguo, watu huitilia shaka. Ikienezwa na daktari, huipokea. Je, daktari ameisoma? Huenda alisoma kichwa chake tu, akabonyeza, akaenda zake. Akiulizwa atasema: “Mimi sikuandika, nimepitisha tu.” Lakini ameidhamini kwa elimu yake, na mgonjwa atakayeifuata ataifuata kwa kumwamini yeye, si mwandishi asiyemjua.

Mwaka 2020 Twitter, ambayo sasa yaitwa X, ilianza kumwuliza mtu aenezaye makala asiyoifungua kama ataka kuisoma kwanza. Ajabu, mashine kuwa na haya kuliko mwenye cheo!

Nami nakiri. Nalieneza makala moja kwa kuwa kichwa chake kiliisifu kazi yangu. Nilipoisoma siku ya tatu, nikaona mwisho wake waikanusha. Niliifuta, lakini walioipokea kwangu siwajui hata niwaambie.