Majina Aliyoyaita Baba Yake
Mwanzo 26:18

Katika fungu hili twasoma ya kuwa Isaka alivifukua visima vya baba yake vilivyofukiwa na Wafilisti, kisha akaviita kwa majina yale yale ya kwanza. Angaliweza kuvipa mapya, maana jasho lilikuwa lake. Hakufanya hivyo.

Basi tuitazame milima yetu ya Usambara. Wenyeji huiita nchi yao Shambaai, wakiitenga na nyika iliyo chini, yenye joto na miiba. Krapf alipopanda mwaka 1848 kumwona mfalme Kimweri, alikuta nchi yenye enzi yake na majina yake. Wajerumani walipotawala, Lushoto ikaitwa Wilhelmsthal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari. Wamisionari waliofika Mlalo mwaka 1891 wakakiita kituo chao Hohenfriedeberg. Siwalaumu, walileta Injili, tena jina lile lina neno la amani ndani yake. Lakini majina hayo yaliondoka pamoja na bendera, na mama aendaye sokoni husema Lushoto, husema Mlalo. Hata ua dogo la urujuani la misitu yetu, mtaalamu alilipa mwaka 1893 jina la Saint Paul, ofisa wa Tanga. Lakini Wajerumani wenyewe nyumbani kwao huliita urujuani wa Usambara! Nacheka kila nikumbukapo.

Lakini nina kosa lisilochekesha. Mama mmoja mzee alimleta mjukuu wake abatizwe, akataja jina la babu ya mtoto, marehemu mumewe. Nikalikataa mbele ya watu, nikisema ni la kipagani. Nikamwita mtoto Wilhelm, wala sikuwaza ni Wilhelm gani. Yule mama hakujibu neno. Aliinama tu, akaifunga kanga yake.

Najua yako majina yaliyoshikana na matambiko, nayo tuyapime kwa Neno. Jina la babu aliyelima shamba na kulea watoto si tambiko. Nalikuwa Mfilisti, nikitupa udongo kisimani.

Juma hili nimepanda hata nyumbani kwake. Nimemwomba radhi, nikamsihi anitajie tena jina lile, polepole. Nami nimeliandika katika kitabu cha ubatizo, kando ya lile nililolitoa mimi.