Tarumbeta zilezile

Katika Hesabu 10:1-10 Mungu alimwagiza Musa kufanya tarumbeta mbili za fedha. Zilezile zilipigwa vitani, na zilezile siku za furaha.

Tumkumbuke Alton Adams, mzaliwa wa kisiwa cha St. Thomas (1889-1987), uzao wa Waafrika. Alikuwa fundi viatu, akajifunza filimbi. Mwaka 1917 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza bendi katika jeshi la maji la Marekani. Hakuishia kwenye gwaride: aliingiza muziki katika shule za watoto wa kwao.

Enyi wapiga fanfari na filimbi, gwaride hupita. Mtoto uliyemfundisha hubaki. Anayejua noti asimnyime mdogo wake, sifa ya Bwana isije ikazimika pamoja naye. Amina.