Mgeni Mwenye Jembe

Watu wengi hupima uaminifu kwa miaka. Mchezaji wa kandanda aliyeanza na kumaliza kazi yake katika timu moja husifiwa kama mti uliozeeka pale ulipoota. Na yule aliyevaa jezi nyingi huitwa mtu wa mshahara, asiye na kwao. Hukumu hii ni nyepesi kutamka. Je, ni ya haki?

Egidio Arévalo Ríos alizaliwa Paysandú, nchini Uruguay, mwaka 1982. Kazi yake uwanjani ilikuwa ya kiungo mkabaji: kuzuia, kunyang'anya mpira, na kumpa mwenzake aliye mahali bora. Ni kazi isiyoimbwa. Afungaye bao hubebwa mabegani. Aliyeutafuta mpira kabla ya bao hurudi mahali pake akitweta. Kwa kazi hiyo alikwenda Monterrey ya Meksiko, akarudi kwao, akatwaa ubingwa wa nchi pamoja na Peñarol mwaka 2010, kisha akaondoka tena. Botafogo ya Brazili, Tijuana ya Meksiko, Palermo ya Italia, Chicago Fire ya Marekani na Tigres ya Meksiko zote zilimpokea, na hakuna iliyokaa naye miaka mingi.

Mshabiki ana haki ya kunung'unika. Yeye hubaki. Aliirithi timu kwa baba yake, naye atamwachia mwanawe. Ni uchungu kumpenda mtu ambaye msimu ujao atakuwa ng'ambo. Lakini mapatano yana pande mbili. Timu humwuza mchezaji, humwazima, humwacha aende zake haja yake ikiisha, wala hapana aiitaye haini. Si haki kumdai mwajiriwa kiapo ambacho mwajiri hakukila.

Na moyo wa msafiri huyu ulikuwa na makao. Katika Kombe la Dunia la Afrika ya Kusini, mwaka 2010, Uruguay ilipata nafasi ya nne. Siku ya kushindania nafasi ya tatu, krosi yake ndiyo Diego Forlán aliyoipiga kabla haijagusa nchi, ikawa bao, ingawa Ujerumani ilishinda 3 kwa 2. Mwaka 2011, katika fainali ya Copa América mjini Buenos Aires, alimpokonya mpira mchezaji wa Paraguay akampa Forlán, likapatikana la pili katika mabao 3 ya ushindi. Mwaka 2014 alikuwamo tena katika Kombe la Dunia nchini Brazili. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani.

Hata hivyo, jezi ya taifa peke yake haimalizi shauri. Siku nyingi za maisha yake zilipita katika miji ya wengine, na huko ndiko alikopaswa kupimwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchezaji wa namna hii hupewa jembe siku ya kwanza. Akililima shamba lisilo lake kama lake, ametimiza uaminifu wote unaoweza kudaiwa kwa haki. Akaaye miaka 20 bila jasho si mwaminifu, amekaa tu.

Gharama ipo, na mshahara hauifuti: mvunaji wa mashamba mengi huzeeka bila mti wa kukalia kivuli chake. Anayeilipa gharama hiyo kimya, akaacha kazi njema kila alikopita, hastahili kuitwa asiye na kwao.