Korongo Amekwama

Usiku wa pili wa kuhangaika na mota, niliandika maelezo ya kubandika kando ya sanamu yangu: korongo huyu anajaribu kuruka lakini hawezi, kama ziwa letu linavyosongwa na magugumaji. Maneno matamu. Nani angebisha?

Ukweli ni kwamba korongo alikuwa ameharibika. Nilimuunda kwa spoki za baiskeli, mabati, na mota ya waipa iliyong'olewa kwenye matatu kuukuu. Mota inazungusha mkono mfupi wa chuma, mkono unasukuma fimbo mbili, mabawa yanapanda na kushuka. Yeye alipandisha mabawa hadi nusu, akabaki pale akivuma.

Sisi watu wa sanaa tuna bahati ambayo mtu wa boda hana. Pikipiki ikizima njiani, imezima tu. Sanamu ikizima, tunaipa maana.

Nilijitetea kwa Jean Tinguely, yule Mswisi aliyejenga mashine ya magurudumu, mota na piano kwenye bustani ya jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York, ili ijiharibu yenyewe mbele ya watu. Ilikuwa tarehe 17 Machi 1960. Mambo kadhaa hayakwenda alivyopanga, moto ukawaka, zimamoto wakaingilia kati. Mbona yeye anaheshimiwa?

Asubuhi nikambeba korongo hadi kwa fundi, hapa Katito sokoni. Nikamsomea pia maelezo yangu. Akasikiliza kwa adabu.

"Sawa. Lakini ulitaka aruke ama asiruke?"

Nikasema nilitaka aruke.

Akaweka mita. Adapta yangu, ya volti 12 na ampea moja, ilisoma 12 vizuri. Mota ilipojaribu kuanza, mita ikaanguka hadi 4. "Hii ni ya ruta, omera. Waipa inakula ampea kadhaa, na ya kuanzia ndiyo nyingi." Akaunganisha betri ya pikipiki, na fyuzi katikati. Bawa la kulia likapiga. La kushoto likagoma palepale.

Hapo akafanya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa siku mbili za kulaumu mota. Alichomoa fimbo, akaniambia nisukume bawa kwa mkono. Likakwama vilevile, bila stima yoyote. Nati ya begani nilikuwa nimeikaza mno, bati likajikunja. Mkono wangu ndio ulikuwa na kosa.

Nimerudi kwa Tinguely mara nyingi tangu siku hiyo. Yeye alitangaza kabla kwamba mashine itakufa. Mimi nilitaka kutangaza baada ya yangu kufa, niseme ndivyo nilivyokusudia. Sentensi zetu zinafanana, ila yangu ingemdanganya mtazamaji, na ingeninyima mimi sababu ya kulegeza ile nati. Hata ziwa ningelitumia vibaya: magugumaji ni shida ya wavuvi, na mimi nilikuwa nayafanya pazia.

Isitoshe, Tinguely alikuwa na mhandisi, Billy Klüver, na jina lake linatajwa hadi leo.

Nilimuuliza fundi kama niandike lake kwenye ile karatasi. Alikuwa anafuta grisi vidoleni.

"Andika namba ya simu," akasema. "Atakwama tena, na wewe hutakuwa hapo."

Korongo anaruka, anapiga kelele kidogo upande wa kushoto.