Kimo cha Mtoto na Kimo cha Hofu

Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, mtoto hahitaji kulipa kiingilio ili aonje hofu ya kuteremka. Hukata kipande cha mgomba, akakikalia, akateleza hadi bondeni huku nyasi zikimchapa miguu. Kaka zake huunda kigari cha mbao chenye magurudumu ya mti, na breki yake ni kisigino. Sisi tulioteremka hivyo utotoni twajua kwamba raha na hofu zilikalia gogo moja.

Wenzetu wa nchi nyingine wameigeuza hofu hiyo kuwa biashara. Mwaka 1884, huko Coney Island, New York, LaMarcus Thompson alifungua reli ya kuteremkia kwa starehe. Vigari vyake vilikwenda kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na watu walilipa senti 5 ili wapandwe na moyo. Mwaka 2010, kule Abu Dhabi, ilifunguliwa rola-kosta yenye mwendo wa kilomita 240 kwa saa, na abiria wake huvaa miwani ya kukinga macho. Lakini ipo nyingine Florida, iliyofunguliwa mwaka 1975 ndani ya jengo lenye giza. Mwendo wake ni kama kilomita 45 kwa saa tu. Basi la kwenda Bukoba laishinda. Hata hivyo watu hushuka humo wakitetemeka, kwa kuwa hawakuuona mpindo kabla haujawafikia.

Basi mzazi anaposimama mlangoni na kuuliza, "Je, inatisha sana?", tarakimu hazitamjibu. Mwili wa binadamu hausikii mwendo, husikia mabadiliko ya mwendo. Ndani ya ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa mtu hunywa chai bila wasiwasi. Ndege ikishuka ghafla kidogo tu, tumbo humpanda kooni. Na kila tumbo lina habari zake. Jambo ambalo baba huliita mchezo, kwa mtoto aliye ubavuni mwake laweza kuwa kama mwisho wa dunia, ingawa wote wawili wamekaa kiti kimoja.

Penye michezo hiyo huwekwa kijiti cha kupimia kimo, na mtoto asiyefika alama hurudishwa. Wengi hudhani kijiti kile hupima ushujaa. Sivyo. Chuma kinachofunga mapaja kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Abiria wawili wakishirikiana chuma kimoja, huishia kwenye mapaja ya mnene, na mdogo hubaki na nafasi ya kuchomoka. Kwa hiyo kimo ni habari ya chuma, si habari ya moyo. Mwenye mchezo amepima alichoweza kupima. Kipimo cha pili amewaachia wazazi, nacho hakipatikani ila kwa kumwuliza mtoto na kuliamini jibu lake.

Nimewahi kwenda na wajukuu wangu kwenye michezo ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam, yenye mabomba marefu ya kuteleza. Mmoja wa kike, mwenye kimo cha kutosha, alifika chini ya ngazi akanishika mkono. "Babu, mimi sitaki." Nduguye akamcheka, "Mwoga!" Baba yao naye akambembeleza kwamba nauli ya kutoka Karagwe si ndogo, aione basi faida yake. Nikamwambia mwanangu kwamba nauli tumelipa sisi, mtoto hadaiwi. Binti akashinda siku nzima kwenye maji ya magotini, akicheka.

Nasikia msomaji akiuliza: mwalimu mzima, je, utawalea watoto wasiothubutu? Swali ni la haki. Chuoni tulifunzwa kumtia moyo mwanafunzi mwenye haya asimame mbele ya wenzake, na kazi hiyo niliifanya miaka mingi. Tena mtoto akiogopa sindano ya chanjo, hatungoji aridhike. Tunamshika, kwa kuwa surua haitamngoja. Lakini hofu ya namna hiyo ina deni la kulipwa: afya, elimu, wajibu. Hofu ya mchezo haina deni lolote isipokuwa raha, na raha ya kulazimishwa si raha. Sisi wa Kagera tuliiona hofu isiyo na hiari mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia na daraja la Kyaka likavunjwa. Hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari. Tofauti kati ya hofu ile na ya kigari ni kwamba hii mtu ameichagua. Ukimwondolea mtoto uchaguzi, umemwondolea mchezo wenyewe, umemwachia hofu tupu.

Wala sisemi kwamba mzazi mwoga amfungie mtoto jasiri. Akiwa chuma chamtosha naye ataka kupanda, babu asimkatalie kwa sababu ya magoti yake mwenyewe.

Liko jambo kubwa zaidi ya siku moja ya starehe. Mtoto anayesema "naogopa" mchezoni na kuchekwa, hujifunza kulificha neno hilo. Kesho atapakiwa kwenye bodaboda pamoja na wenzake watatu, dereva ananuka pombe, mteremko wa Omurushaka uko mbele, naye atanyamaza asije akaitwa mwoga. Kesho kutwa mtu mzima atamwita mahali pasipofaa, na moyo wake utamwonya, lakini atakuwa amekwisha zoea kutousikiliza. Samaki mkunje angali mbichi: kama tumemkunja kwa kunyamaza, atakauka hivyo.

Ndiyo maana nawashauri vijana wenye familia, wakijaliwa kufika penye michezo hiyo, au wakiwa hapa kwetu tu juu ya kilima na gogo la mgomba, kwanza waangalie kama mwili wa mtoto unatosha. Kisha wamwulize mtoto mwenyewe, mbali na masikio ya nduguze. Akisema ndiyo, wapande naye. Akisema hapana, wamtafutie mahali pa kukaa penye kivuli, na mtu wa kukaa naye.